Jinsi ya kuivunja 123456789 kwa kalamu na kikokotoo cha simu

Hii namba kila mtu anaijua, wengine ndo paswedi yao kabisa (badilisheni jamani), ila muulize mtu inagawanyika kwa ngapi uone anavyokwama baada ya 3.

Anza na vya bure. Inaishia na 9 kwa hiyo 2 na 5 zitupe. Jumlisha tarakimu zote unapata 45, na 45 inagawanyika kwa 9, basi na namba nzima inagawanyika kwa 9. Gawa, unabaki na 13717421. Tarakimu za hii jumla yake 26, kwa hiyo 3 haiingii tena.

Sasa hapa ndo watu wanachoka, maana wanaanza 7, 11, 13, 17 moja moja na kwa mwendo huo utapita namba tasa kama 500 hivi bila kupata kitu. Usijitese, tumia njia ya Fermat, yule mwanasheria wa Ufaransa wa karne ya 17 ambaye hesabu alikuwa anafanya kwa kujifurahisha tu. Yeye alisema namba witiri unaweza kuiandika mraba toa mraba, a² − b², na hiyo si ndo (a − b) × (a + b), tayari vigawo viwili unavyo mkononi.

Kipeuo cha pili cha 13717421 ni 3703 na pointi, panda hadi 3704. Mraba wake 13719616, ukitoa namba yetu inabaki 2195, na 2195 sio mraba wa namba nzima, achana nayo. Nenda 3705: mraba 13727025, toa, inabaki 9604. Hiyo ni 98 × 98! Basi 3705 − 98 = 3607, na 3705 + 98 = 3803. Kwisha habari.

Ila msidanganyike, imetoka haraka hivi kwa sababu hivyo vigawo vimekaa karibu karibu, vingekuwa mbalimbali ungekesha.

Hakikisha zote mbili ni tasa: 3607 jaribu namba tasa mpaka 59, 3803 mpaka 61, zaidi ya hapo umevuka kipeuo chake hakuna haja. Hakuna inayoingia.

Kwa hiyo 123456789 = 3² × 3607 × 3803. Idadi ya vigawo: chukua kila kipeo ongeza 1 halafu zidisha, 3 × 2 × 2 = 12. Jumla ya vigawo vyote ni (1 + 3 + 9) × (1 + 3607) × (1 + 3803), yaani 13 × 3608 × 3804 = 178422816, ukiitoa namba yenyewe inabaki 54966027, ndogo kuliko namba yetu, so hii inaingia kundi la namba pungufu.

Na ukitaka Kigawo Kikubwa cha Shirika cha hii na 987654321 usivunje chochote, zidisha 123456789 kwa 8 uongeze 9 unaipata 987654321 kamili, kwa hiyo kigawo chochote cha zote mbili lazima kiingie kwenye hiyo 9, na 9 yenyewe inaingia kote.