Kama una paka na una alovera barazani, soma hapa

Jamani wenye paka, hasa sisi tunaokaa juu ya mawe huku Mwanza, bustani huna, kwa hiyo kila mtu anapanda maua kwenye ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa, naomba niwaambie kitu kuhusu haya maua yenye majani manene yanayotunza maji. Tunayapenda kwa sababu hata uende Ukerewe wiki nzima unarudi unayakuta mazima, ila mengi ni sumu kwa paka, na mojawapo sisi tunaliita dawa.

Naongelea alovera, mshubiri. Kuku wakiumwa tunawawekea kwenye maji, mtu akiungua tunampaka, sasa paka akitafuna unaona kama anajitibu vile. Hajitibu. Kata jani moja ulisimamishe kwenye kikombe, utaona maji ya njano yanachuruzika kutoka chini ya ganda, machungu balaa, hayo ndiyo yanayomtapisha na kumharisha paka. Ndiyo maana paka akiwa na kidonda usimpake alovera kabisa, kwa sababu paka anajilamba mwili mzima, ulichompaka mgongoni sasa hivi muda si mrefu kiko tumboni.

Paka wangu tunamwita Sato. Alikuwa bado mdogo siku nilipoamka nikamkuta kajikunja chini ya stuli, katapika povu mara tatu kwenye mkeka, na jani la alovera lina alama za meno pembeni kama limetobolewa na sindano. Mama jirani akasema mpe maziwa yatakata sumu, nikampa kwa nia njema kabisa, akaanza kuharisha zaidi. Daktari wa mifugo aliniambia maziwa hayakati sumu, tena paka wengi wakubwa na hata wanaokua tumbo lao haliyawezi. Sato alipona baada ya siku mbili, dagaa akaanza kuwagusa siku ya tatu.

Sasa alovera siyo mbaya kuliko yote. Kalankoi ndiyo inanitisha, ile ya majani manene yenye ukingo wa mawimbi na vimaua vingi vidogo vyekundu au vya njano, wauza miche wanayo sana. Sumu yake inagusa moyo, na kwenye maua ndiko iko nyingi. Ina ndugu yake yenye vitoto vidogo vimejipanga ukingoni mwa jani, vinadondoka na kuota hadi kwenye nyufa za mawe, na paka anavichezea kama punje za mahindi, halafu anameza. Hiyo ukiwa na paka usiwe nayo, gawa au choma. Waridi la jangwani nalo, lile lenye shina nene kama chupa na maua ya pinki, ni la moyo vilevile.

Halafu minyaa, wengi wetu Usukumani ndiyo uzio wa nyumba. Paka mara nyingi haitafuni, tatizo linakuja siku ya kupunguza uzio, maziwa yake meupe yanadondoka kila mahali, paka anapita katikati ya matawi yanamganda kwenye manyoya, akijilamba mdomo unavimba na udenda unatoka, yakiingia jichoni anaweza kuharibika jicho. Siku hiyo mfungie ndani mpaka matawi yameondolewa. Akiwa ameshaguswa muoshe kwa sabuni na maji mengi, na wewe vaa glavu. Jicho lioshe kwa maji safi yanayotiririka taratibu dakika kumi mpaka kumi na tano kisha mpeleke kwa daktari.

Kuweka chungu juu ya kabati hakusaidii, paka anafika, na jani likidondoka ndilo analichezea. Ning'iniza mbali na ukuta au toa nje kabisa. Ukitaka majani manene ambayo hayana shida, tafuta hawothia, ile kama kialovera kidogo chenye mistari myeupe ya pundamilia, au echeveria inayokaa kama ua la waridi. Ila hakikisha kwanza kwa macho: hawothia haikui kubwa kama alovera, inabaki kiganjani.

Paka anatafuta majani kwa sababu anapenda kutafuna kitu kibichi, kwa hiyo mpandie chake. Ngano ile ya kawaida, loweka usiku, mwaga kwenye sahani yenye udongo, wiki moja imeota. Usitumie mtama, wafugaji mnajua mtama mchanga unavyoua ng'ombe.

Akishakula sumu, toa mabaki mdomoni kwa kitambaa chenye maji. Usimtapishe kwa chumvi wala kidole, na tafadhali sana usimpe parasetamo, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka. Weka vidole nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto uhesabu mapigo sekunde 15, zidisha mara nne, paka mzima anakuwa kati ya 140 na 220. Yakiwa chini sana, au yanaruka ruka, au ukifunua mdomo ufizi umekuwa mweupe, usisubiri asubuhi.

Mweke kwenye boksi lenye matundu, siyo mkononi kwenye bodaboda, na ubebe tawi la ule mmea kwenye gazeti au piga picha ya chungu, daktari akijua ni kalankoi na siyo alovera ataanza na moyo. Wa visiwani, mpigieni afisa mifugo wa kata kwanza kabla hamjaenda kusubiri kivuko.