Picha za kupangwa kwenye maji kupwa: anza na bahari, kamera baadaye

Juzi dogo mmoja kanipigia simu kutoka Makunduchi, kapanga mradi wa picha za kupangwa wa miaka mitatu, keshakodi mpaka kabati la vyombo, ananiuliza anunue kamera gani. Nikamuuliza jedwali la saa za maji kujaa na kupwa unalo? Kimya. Ndo maana naandika.

Mradi wangu mwenyewe ni sebule za watu wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja: kochi, zulia, tivii, meza ya chai, vyote tunavitoa nje kwenye mchanga bahari ikitoka na familia inakaa kama kawaida. Nimepanga picha 12, nipo mwaka wa nne, ninazo 7.

Hatua ya 1: chora picha unayoitaka. Penseli na karatasi zinatosha. Huna hela ya posho za watu? Jipige mwenyewe, mpiga picha Samuel Fosso wa Bangui kwenye mfululizo wake wa African Spirits wa 2008 yeye ndo kila mtu, kawa Lumumba, kawa Nkrumah, kawa mpaka Angela Davis.

Hatua ya 2: nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, ukaombe ruhusa kabla hujashusha hata mto mmoja wa kochi. Basi.

Hatua ya 3: maji. Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo nimepoteza mwaka mzima.

Mimi nilitaka mwanga wa jua la kuzama na mchanga mtupu mpaka upeo wa macho. Nikasema bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi kuandama, ndo maji hutoka mbali, basi nikangoja mwezi mpevu, nikakodi gari la ng'ombe, nikafika na kochi na watu sita saa kumi jioni, bahari imejaa mpaka kwenye minazi. Mzee mmoja anashona nyavu akacheka akaniambia mwanangu, bamvua huku hutoka saa nne. Na kweli: Unguja siku za bamvua maji yanatoka kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, yanajaa saa kumi. Ukitaka maji yametoka jua likizama utayapata siku za maji mafu, katikati ya bamvua na bamvua, na maji mafu hayatoki kitu. Yaani picha niliyoichora mimi haipo duniani!

Haya, nikarudi bamvua lingine saa nne asubuhi. Jua limeshapanda, watu wote macho meusi kwa kivuli kama wamepigwa, na kina mama niliopatana nao hawapo, wako kwenye mwani, maana bamvua ndo siku zao za kazi.

Dawa niliyoipata: njoo siku kama tatu kabla ya mwezi mpevu au mwezi kuandama. Maji yanatoka karibu saa mbili asubuhi, hayaendi mbali sana ila fungu linaonekana, jua bado liko ubavuni, na kina mama bado hawajaanza mwani kwa nguvu. Kila siku yanachelewa kama dakika 40 hadi 50 kwa hiyo ukikosa leo kesho unayo, keshokutwa jua limeshakuharibia. Halafu jihadhari yakirudi: saa ya kwanza yanakuja kidogokidogo yanakudanganya, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, tena yanapita kwanza kwenye mikondo nyuma yako huku wewe unaangalia mbele. Chomeka kijiti nyuma, mtu mmoja kazi yake ni kijiti tu. Na kipindi cha kusi usilete mwavuli wa taa, utauokota Paje.

Hatua ya 4: picha za miaka tofauti lazima zifanane. Lenzi moja tu, mimi 35mm, zumu acha nyumbani. Urefu wa kamera napima kwa uzi wenye fundo, unaning'inia kwenye stendi, fundo likigusa mchanga tayari. Najua kuna wanaounganisha vipande kwenye kompyuta, mpiga picha Jeff Wall wa Kanada ile picha yake ya upepo ya 1993 ina vipande zaidi ya 100 na ilimchukua zaidi ya mwaka. Sawa, ila mimi nataka maji yawe yamewagusa miguu kweli.

Hatua ya 5: piga.

Hatua ya 6: siku hiyohiyo osha kila kitu kwa maji ya kisima, stendi ifungue vipande vyote. Kochi la mama mdogo niliahirisha mpaka kesho yake, na hadi leo ukilikalia linalia.