Kabla ya Kununua Kifaa cha Kutafuta Samaki: Mambo ya Kuzingatia kwa Mvuvi wa Ghuba ya Winam

Swali la kwanza si bei, ni unavulia wapi. Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, upande wa Dunga na Kendu Bay, ina kina kifupi. Sehemu nyingi hazifiki hata mita 10. Kina huongezeka ukishavuka Mbita kuelekea Rusinga na Mfangano, na Ziwa Victoria lote, hata pale penye kina kirefu kabisa, huishia kwenye mita 80 na ushei. Muuzaji akijisifu kwamba mashine yake inaona mamia ya mita kwenda chini, waachie wavuvi wa bahari kule Malindi.

Sona, sehemu ya kifaa inayotafuta samaki, hutuma sauti majini, mwangwi ukarudi. Sauti hiyo hupanuka kadiri inavyoshuka, kama mwanga wa tochi. Kwa masafa (kasi ya mitetemo ya sauti) ya kilohezi 200, upana wake kwa kawaida ni nyuzi 20 hivi, maana yake kwenye kina cha mita 10 unaona duara la mita tatu na nusu tu chini ya mashua. Masafa ya chini, kama 83, hufikia nyuzi 60 hivi: duara la mita 11 na zaidi, lakini picha yake haina ukali uleule. Ndiyo maana ngege (tilapia) wa maji ya mita mbili tatu huwaoni. Duara ni dogo mno, na injini imeshawafukuza. Mbuta (sangara) wa kule Mfangano ni habari nyingine, hasa kwa anayekokota chambo. Huko sona inalipa.

Kwa mashua ya kawaida ya ghuba, maoni yangu ni kwamba GPS, sehemu ya kifaa inayoonyesha ulipo, ina kazi kubwa kuliko sona. Inakurudisha ulipotega nyavu usiku, inakuonyesha njia ya kurudi ufukoni ukungu ukishuka, na inakumbuka jiwe lililowahi kukuvunjia propela. Kwa wanaokwenda upande wa kisiwa cha Migingo, mpaka na Uganda haujachorwa juu ya maji, kwa hiyo kujua ulipo ni muhimu, ingawa hakuna skrini iliyowahi kumzuia askari kukukamata.

Uliza kama kifaa kina ramani au kinahifadhi alama tu. Garmin Striker 4, kwa mfano, huhifadhi alama na njia uliyopita lakini haina ramani nyuma yake. Kwa wengi hiyo inatosha. Hata ukipata ramani, usiiamini sana karibu na nchi kavu: maji yalipopanda mwaka 2020 yalimeza miti, kuta na magati.

Ikweta inapita karibu nasi, na hili huwapoteza watu. Dunga iko kusini kwa dakika chache tu, Port Victoria iko kaskazini. Ukiandika N badala ya S kwenye alama ya Dunga, kifaa kitakupeleka takriban kilomita 30 kaskazini, nchi kavu. Tena kubalianeni na wenzako kwenye mashua kama mnasoma nyuzi na dakika au desimali, kwa sababu 0.50 si sawa na dakika 50.

Umeme ndio unaoangusha wengi. Injini ndogo za kuvuta kamba mara nyingi hazichaji betri, kwa hiyo tenga betri ya volti 12 kwa kifaa peke yake. Kinachokula nusu ampea kwenye betri ya ampea-saa 7 kinaweza, kwa hesabu ya karatasi, kukaa saa 14; betri ikizeeka, punguza. Weka fyuzi. Usiunganishe kwenye betri ya taa za kuvulia omena (dagaa), kwani zikififia utabaki bila taa na bila njia.

Kile kidude cha chini ya maji, transdusa, kina masharti yake. Hakisomi kupitia ubao, kwa hiyo kwenye mashua ya mbao lazima kining'inie nyuma, chini ya usawa wa sakafu, mbali na povu la propela. Wengi hukifunga kwenye mti au bomba linaloweza kuinuliwa, na mimi naona ndiyo njia bora kwetu: gugu maji likikutana na transdusa iliyopigiliwa misumari, kinachong'oka si gugu.

Dukani utaonyeshwa skrini imejaa samaki. Mara nyingi hiyo ni programu ya maonyesho, haihusiani na maji yoyote. Toa kifaa nje juani saa sita mchana uone kama bado unasoma herufi. Siku ya kwanza majini, kwenye mipangilio ya kifaa chagua maji baridi badala ya chumvi, badilisha futi ziwe mita, na zima ile alama ya picha ya samaki. Inageuza kila mzizi na kila povu kuwa mbuta.