Somo: Kuhamia dedilifti ya sumo ukitoka kwenye mkao wa kawaida

Wanachama, salaam. Dedilifti ni kukiinua chuma chenye sahani za uzito kutoka sakafuni mpaka usimame wima, na sumo ni kuifanya miguu ikiwa mipana. Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nimejaribu sumo, mbona chuma hakibanduki sakafuni, na uzito huohuo nauinua vizuri tu kwa mkao wa kawaida?" Nikitazama video, karibu kila mara naona jambo moja. Mtu amepanua miguu, lakini anavuta vilevile alivyozoea. Mazoea yana taabu, na somo hili ni la kuyavunja.

Tuanze na tofauti yenyewe. Kwenye mkao wa kawaida miguu iko karibu, mikono iko nje ya magoti, kiwiliwili kinainama sana na mgongo wa chini unabeba sehemu kubwa ya kazi. Kwenye sumo miguu ni mipana, mikono inashuka katikati ya magoti, kiwiliwili kinasimama zaidi. Kazi inahamia kwenye mapaja, hasa misuli ya mbele na ile ya ndani inayopanda hadi kinena. Chuma kinasafiri umbali mfupi zaidi. Watu husikia hilo la mwisho wakadhani ni wepesi, kumbe ugumu umehama tu: kwenye mkao wa kawaida wengi hukwama chuma kikifika magotini au juu yake kidogo, kwenye sumo hukwama kabla hakijaondoka chini. Ukishazivuka sentimita chache za kwanza, kilichobaki ni chepesi. Hatua zote hapa chini zinahusu sentimita hizo chache.

Hatua ya 1: Pasha nyonga, si mgongo tu

Chuchumaa miguu ikiwa mipana, weka viwiko ndani ya magoti, yasukume nje polepole, kaa hapo nusu dakika. Rudia mara tatu. Kisha fanya seti mbili (seti ni marudio kadhaa mfululizo kabla ya kupumzika) za chuma kitupu, kilo 20, ukikiweka juu ya vibao au matofali imara.

Hili la vibao lina sababu. Sahani kubwa ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo katikati ya chuma hukaa sentimita 22.5 juu ya sakafu. Ukijifunza kwa sahani ndogo, chuma kinalala chini kuliko kawaida na utalazimika kushusha makalio mno. Unajizoesha mkao ambao hutautumia kamwe.

Hatua ya 2: Miguu

Usianze na miguu inayokaribia kugusa sahani. Wanyanyuaji mashuhuri unaowaona hivyo wametumia miaka kuzifungua nyonga zao. Anza na upana unaozidi mabega kidogo, vidole vigeuke nje kama nyuzi 30 hadi 45. Kipimo ni muundi: ukishuka, muundi usimame wima, ukitazamwa kutoka mbele na kutoka pembeni. Goti likiingia ndani ya kifundo cha mguu, umepanua kupita uwezo wako. Likitoka nje sana, umepanua kidogo mno.

Hatua ya 3: Chuma kiwe karibu

Kwenye mkao wa kawaida umezoea kuacha nafasi kidogo kati ya chuma na muundi. Hapa sogea zaidi. Muundi ukiwa wima hausogei mbele sana unaposhuka, kwa hiyo ukianza mbali utabaki mbali.

Hatua ya 4: Kushika

Mikono ianguke wima kutoka mabegani, imenyooka kama kamba. Usiibane ikaribiane mno katikati, chuma kitayumba.

Hatua ya 5: Kushuka

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Aliyetoka mkao wa kawaida akiambiwa "kaa wima", huchuchumaa. Makalio yanashuka hadi usawa wa magoti, kifua kinainuka, kwa macho inapendeza. Akivuta, makalio yanaruka juu kwanza, chuma kinabaki chini, na uzito wote unarudi mgongoni. Mimi nilivuta hivyo kwa miezi kadhaa nikidhani mapaja yangu ni dhaifu. Hayakuwa dhaifu. Nilikuwa naanza chini mno.

Sumo haichuchumaliwi. Fikiri hivi: nyonga hazishuki, zinasogea mbele kukifuata chuma, na magoti yanafunguka kuzipisha njia. Simama, sukuma magoti nje yaelekee kule viliko vidole, kisha teremka huku ukiyaweka nje. Makalio yatasimama penyewe mahali fulani, juu ya magoti na chini ya mabega. Mabega yakae juu ya chuma, au mbele yake kidogo sana. Ukihisi misuli ya ndani ya mapaja imevutika kama upinde, umefika.

Hatua ya 6: Ondoa ulegevu

Vuta pumzi ijae tumboni, kaza tumbo kama unayesubiri ngumi. Bana makwapa. Sasa vuta chuma kidogo bila nia ya kukiinua, mpaka usikie ule mlio mdogo wa chuma kugusa tundu la sahani. Chuma kikishakaza, tumia ukinzani wake kuuvuta mwili wako ujipange: kifua kiinuke, nyonga zikaribie chuma. Wewe na chuma mmekuwa kitu kimoja kabla uzito haujasogea.

Hatua hii hairukwi. Kwenye mkao wa kawaida mtu anaweza kushtua chuma kwa nguvu na akafanikiwa. Kwenye sumo ukishtua, magoti hujifunga na kazi imeharibika hapohapo.

Hatua ya 7: Sukuma, kisha subiri

Usifikirie kuvuta. Sukuma sakafu chini na pembeni, kama unayeichana nguo iliyotandazwa chini ya nyayo. Uzito uwe unyayo mzima. Chuma kitasita. Kitakaa sekunde moja, pengine mbili, ukiona kama hakiendi. Endelea kusukuma, usibadilishe chochote. Wengi hukata tamaa au huinama katika sekunde hiyo, na ndiyo sekunde inayohitaji subira kuliko zote.

Hatua ya 8: Kumaliza na kushusha

Chuma kikipita magoti, bana makalio na usimame. Usijipinde nyuma. Unaposhusha, angalia vidole vya miguu: kwenye mkao huu viko karibu na sahani kuliko ulivyozoea, na chuma kikiyumba vinaweza kuangukiwa. Shusha ukikishikilia, magoti yakiwa nje.

Kuhusu uzito: wiki nne za kwanza kaa kwenye nusu hadi asilimia 60 ya uzito wako wa juu wa mkao wa kawaida, seti tano za marudio matatu au manne, mara mbili kwa wiki. Seti fupi nyingi hufundisha kuliko seti ndefu chache, kwa sababu kila seti inakupa nafasi ya kujipanga upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kocha, baada ya wiki mbili kinena kinauma upande mmoja. Niendelee?

Jibu: Pande zote mbili zikikaza na kulegea baada ya siku mbili, hiyo ni misuli inayozoea kazi mpya. Upande mmoja, tena maumivu ya kuchoma au ya ndani kabisa ya nyonga, acha. Maumivu yakiisha, rudi ukiwa umepunguza upana wa miguu kidogo kila upande na uzito nusu. Yasipoisha, muone daktari au mtaalamu wa viungo kabla hujagusa chuma tena. Misuli ya ndani ya paja ikichanika inachukua muda mrefu kupona.

Swali: Kaka, rafiki zangu wanasema sumo ni udanganyifu. Kwenye mashindano inakubalika?

Jibu: Kwenye mashindano ya pawalifti (kunyanyua uzito kwa skwoti, benchi na dedilifti), ndiyo. Kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, zinakubali mikao yote miwili. Zinachotaka ni usimame wima, magoti yamenyooka, mabega yamerudi nyuma, na usikiegemeze chuma mapajani kukisaidia kupanda. Mnyanyuaji Ed Coan wa Marekani alivuta pauni 901, karibu kilo 409, kwa sumo mwaka 1991. Mashindano ya watu wenye nguvu (strongman) ni suala jingine, huko kwa kawaida sumo hairuhusiwi. Ukilenga huko, endelea na mkao wa kawaida.

Swali: Mimi ni mrefu, mapaja marefu. Nitajuaje kama sumo inanifaa?

Jibu: Urefu pekee hautoi jibu, dada. Jinsi mfupa wa paja unavyoingia kwenye tundu la nyonga ina uzito zaidi, na hiyo hutofautiana kwa kila mtu. Kaa kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, panua magoti, kisha rudisha makalio nyuma. Kama unarudi mbali bila kubanwa mbele ya nyonga, una nafasi. Kama unagonga kitu kigumu mapema hata baada ya wiki kadhaa za kupasha, usilazimishe. Kuna mkao wa katikati, ule wa kuanzia wa Hatua ya 2, miguu ikizidi mabega kidogo tu na mikono ikiwa ndani, na watu wengi wanaishi hapo kwa raha.

Swali: Je, niache kabisa mkao wa kawaida?

Jibu: Usiache. Mgongo unahitaji kazi ile. Ukishajifunza, fanya sumo siku ya uzito mkubwa, na siku nyingine mkao wa kawaida kwa uzito mwepesi na marudio sita hadi manane. Ila katika mwezi wa kwanza usichanganye mikao yote miwili siku moja, mwili utarudia ule unaoujua.

Swali: Nijirekodi kutoka upande gani?

Jibu: Mbele na pembeni, seti tofauti. Mbele utaona kama magoti yanaingia ndani. Pembeni tazama makalio na chuma: vinapaswa kuinuka pamoja. Makalio yakitangulia, rudi hatua ya 5, anza juu kidogo, punguza kilo kumi.