Mtoto anabanwa kifua kila mara? Jinsi ya kupata rufaa mpaka kwa daktari bingwa huku Kusini

Kila msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho naulizwa swali lilelile, mtoto anabanwa kifua, tunapewa dawa ya maji, anapona wiki moja kinarudi tena, tufanyeje aonwe na bingwa wa watoto? Jamani usipande tu gari la Mtwara mjini, hii kitu inaenda kwa rufaa na rufaa inaanzia hapohapo zahanati kwenu.

Ila kama kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa, au midomo inaenda rangi ya bluu, au hawezi kunyonya wala kunywa, achana na haya maelezo, chukua boda sasa hivi hospitali ya karibu, dharura haisubiri barua. Na ujue kuhesabu pumzi: mtoto ametulia halii, mfunue nguo, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Miezi 2 mpaka 11 zikifika 50 ni nyingi, mwaka 1 mpaka 5 zikifika 40 ni nyingi, muwahishe.

Sasa hii ya kuja na kuondoka. Kabla ya kwenda andika kwenye daftari anakohoa saa ngapi, usiku au alfajiri, siku hiyo kulikuwa na salfa au moshi wa kuni, amepewa dawa gani. Na mrekodi video akiwa anapiga filimbi kifuani, tafadhali usiruke hii. Mimi nililala stendi na mwanangu hoi, asubuhi tunaingia chumbani kijana anasukuma stuli anafanya gari, daktari ananiangalia, "Mama, mbona mzima huyu?" Nilikosa cha kusema.

Ukienda zahanati au kituo cha afya beba kadi ya kliniki, omba wakuandikie rufaa, halafu ISOME kabla hujatoka getini. Iwe na umri, uzito, dawa alizotumia na dozi, sababu ya kupelekwa, sahihi na muhuri. Ikiandikwa tu "msaada zaidi" waombe kwa upole waongeze. Jina nalo, sisi kwenye kadi ni Hamisi kwenye barua Khamis, dirishani tukazungushwa mpaka saa sita mchana.

Kawaida unapita hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, Mtwara ni Ligula na Lindi ni Sokoine, juu yake kuna hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, ikishindikana ndio Muhimbili. Watu wa Masasi wengi wanaanzia hospitali ya misheni ya Ndanda. Muulize anayekuandikia barua siku za kliniki ya watoto huko unakoenda, nauli ya kurudi kesho inauma.

Hela: chini ya miaka 5 kuna msamaha hospitali za serikali, ukikwama muulizie afisa ustawi wa jamii, yupo hapohapo hospitali. Wenye bima ulizeni kabla ya safari kadi yenu inafika ngazi gani.

Siku yenyewe beba picha zote za eksirei na chupa za dawa hata zilizoisha. Wakitaka kupima TB usikasirike wala usione aibu, ndio utaratibu, na dawa zake ni bure. Kipimo cha kupuliza kwenye mashine wadogo hawakiwezi, mara nyingi ni kuanzia miaka 5 au 6. Akipewa pampu ya pumu usiondoke bila kuonyeshwa inavyotumika, mtoto mdogo akipuliziwa moja kwa moja mdomoni dawa nyingi inaishia kooni, inatakiwa ipite kwenye chemba, kile kichupa cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo, na kama chemba haipo mwambie nesi akuonyeshe ile ya chupa ya maji ya nusu lita inayotobolewa chini, inafanya kazi vizuri tu.

Mwisho dai karatasi ya mrejesho uipeleke zahanati kwenu, bila hiyo wanarudi kwenye dawa ileile ya maji.