Somo: Matone ya timololi kwa hemanjioma ya mtoto mchanga

Wanachama, salaam. Leo ni zamu ya ule uvimbe mwekundu unaojitokeza kwenye ngozi ya mtoto wiki chache baada ya kuzaliwa. Unaitwa hemanjioma: mishipa midogo ya damu iliyoota kupita kiasi, wala si saratani. Nyingi huanza kusinyaa zenyewe mtoto akishafika karibu mwaka, ndiyo maana mnaambiwa msubiri. Tatizo ni kwamba hukua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, na dawa nayo hufaa zaidi kipindi hichohicho. Kama ni ya kutibiwa, itibiwe mapema.

Dawa ni timololi ya 0.5%, matone ya presha ya macho. Ni ndugu wa propranololi, dawa ya moyo ambayo mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kuwa imesinyaza hemanjioma za watoto. Kuipaka kwenye ngozi si matumizi yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa, kwa hiyo aamue daktari.

Hatua ya 1: Hakikisha ni hemanjioma. Baka lililo bapa tangu siku ya kuzaliwa, linalokua tu kadiri mtoto anavyokua, ni kitu kingine. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana. Mtazame mtoto mchana, karibu na dirisha.

Hatua ya 2: Jua nani hafai. Hapa nitakaa kidogo, maana watu huona tone wakadhani ni mafuta ya kupaka. Mililita moja ina miligramu 5, na tone ni takriban sehemu ya ishirini ya mililita. Matone mawili kwa siku ni kama nusu miligramu. Kwa mtoto wa kilo tano ni kidogo. Kwa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kilo mbili ni dozi ya kutosha kupunguza mapigo ya moyo. Njiti, mwenye uzito mdogo, mwenye tatizo la moyo au anayepumua kwa mluzi asipakwe bila daktari kumpima na kumfuatilia. Usipake kwenye kidonda wala ndani ya mdomo, kwa sababu huko dawa huingia haraka kwenye damu.

Hemanjioma nene, au iliyo karibu na jicho, mdomoni, kwenye ncha ya pua, au iliyosambaa kidevuni, si kazi ya matone. Huyo apelekwe hospitali mapema. Huenda akahitaji propranololi ya kunywa. Mwenye hemanjioma tano au zaidi apigwe utrasaundi ya ini.

Hatua ya 3: Soma chupa. Iwe timololi peke yake. Zipo chupa zilizochanganywa na brimonidini, dawa nyingine ya presha ya macho, na hiyo inaweza kumlaza mtoto mchanga hadi pumzi ikakatika. Mfamasia akisema "ni ileile tu", irudishe.

Hatua ya 4: Paka. Kwa kawaida ni tone moja asubuhi na moja jioni. Lisambaze taratibu, liache likauke, kisha nawa mikono. Hakikisha mtoto hawezi kulilamba.

Hatua ya 5: Fuatilia. Piga picha kila wiki, mahali palepale, mwanga uleule. Rangi hufifia kabla uvimbe haujashuka. Matibabu huchukua miezi, mara nyingi sita au zaidi. Mtoto akilegea, akiwa wa baridi, akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, acha dawa na uende hospitali saa hiyohiyo.

MASWALI

*Mama mkwe anasema nilijikuna mwezi ulipopatwa. Ni kweli?*
Hapana, dada. Hemanjioma huwapata zaidi watoto wa kike na njiti. Hukufanya kosa lolote.

*Shikamoo daktari. Mjukuu wangu ana miaka sita, ana baka la zambarau nusu ya uso tangu kuzaliwa. Nimpake?*
Marahaba, ila mimi ndiye wa kukuamkia, bibi. Usimpake, halitasaidia. Tiba ya baka hilo ni leza. La haraka zaidi ni macho: baka likigusa paji la uso au kope, presha ya jicho inaweza kupanda, na mtoto anaweza kupata degedege. Mpeleke akapimwe. Ajabu ni kwamba huenda akaandikiwa timololi hiyohiyo, lakini ya kudondosha jichoni.

*Kaka, vipi krimu ya sirolimusi?*
Hiyo husaidia zaidi vile vipele vya maji vya mishipa ya limfu, vinavyovuja na kutoa damu. Hupunguza kuvuja, mzizi wake hubaki. Ni dawa inayoshusha kinga ya mwili, na mara nyingi lazima ichanganywe na mfamasia, kwa hiyo anza kwa mtaalamu wa ngozi.

*Ya mwanangu imepasuka, inatoa damu. Niendelee na matone?*
Simamisha. Bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, kisha mpeleke leo.