Siku ya Pai ya 22 Julai: jinsi ya kuiandaa shuleni

Pai ni namba unayopata ukigawanya mzingo wa duara lolote kwa kipenyo chake, takriban 3.14. Siku ya Pai inayojulikana zaidi ni ya 14 Machi. Ilianza mwaka 1988 katika makumbusho ya sayansi ya Exploratorium, San Francisco, kwa wazo la Larry Shaw, kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi wanapoandika tarehe: 3/14. Mwaka 2019 UNESCO ikaifanya tarehe hiyohiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Sisi tunaotanguliza siku tuna tarehe nyingine inayotukaa vizuri zaidi, nayo ni 22/7, ile sehemu ambayo kila aliyepita shule ya msingi ameiandika kwenye daftari.

Tena 22/7 ina haki yake. Pai ni 3.14159 na kuendelea bila mwisho. 22/7 ni 3.14286, imezidi kidogo, na 3.14 imepungua kidogo. Anayekokotoa kwa 22/7 mzingo wa duara ambao kwa kweli ni kilomita 1 atazidisha kama sentimita 40. Anayetumia 3.14 atapunguza kama sentimita 51. Kwa hiyo sehemu iko karibu na ukweli kuliko ile desimali, na wanafunzi wengi huamini kinyume. Liandikeni hili kwa maandishi makubwa kwenye bango la mlangoni.

Bango lina nafasi ya mambo mengine matatu. Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alichora umbo la pande 96 ndani ya duara na jingine nje yake, akaonyesha kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7 na kubwa kuliko 223/71. La pili: desimali za 22/7 hurudia tarakimu 142857, na ukizidisha namba hiyo kwa 2, 3, 4, 5 au 6, tarakimu ni zilezile, zinabadili tu mahali pa kuanzia, ukizidisha kwa 7 unapata 999999. La tatu ni la Zu Chongzhi wa China, karne ya 5: 355/113. Andika 113355, kata katikati, na nusu ya pili ndiyo ya juu. Kosa lake kwa mzingo wa kilomita nzima halifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Baada ya bango, kazi yenyewe ni kupima. Mashindano ya kukariri desimali huwapa raha wawili watatu, darasa zima likabaki kutazama. Gawa wanafunzi katika makundi ya watu wanne, kila kundi lipate vitu vitatu vya duara vya ukubwa tofauti: kifuniko cha chupa, kikombe na sufuria, kwa mfano. Wape uzi mwembamba wa kushonea, rula, kalamu na vitabu viwili vyenye jalada gumu.

Kipenyo ndicho huharibu majibu mengi. Mwanafunzi huweka rula juu ya sufuria akikisia katikati, na akikosea katikati hupata urefu uliopungua, kamwe hauzidi. Sufuria ya kipenyo cha sentimita 28 ina mzingo wa 88. Ukisoma kipenyo 27.7, pai yako inakuwa 3.18. Dawa yake ni kuacha kukisia: egemeza sufuria ukutani, sogeza kitabu kilichosimama wima mpaka kiguse upande wa pili, kikae sambamba na ukuta, kisha pima nafasi kati ya ukuta na kitabu. Kwa kikombe tumia vitabu viwili.

Kwa mzingo, zungusha uzi mara moja, weka alama ya kalamu pale unapokutana, unyooshe kwenye rula. Uzi wa sufu haufai, unavutika. Kamba nene nayo inadanganya, na namna inavyodanganya inastahili kuonyeshwa ubaoni: kamba ya unene wa milimita 2 huongeza milimita 6 na kidogo kwenye mzingo, iwe umeizungusha kwenye kikombe au kwenye tangi la maji. Kwenye sufuria ya 28 jibu linapanda hadi 3.16 tu, lakini kwenye kikombe cha sentimita 8 linafika 3.22. Pimeni pia mzingo na kipenyo mahali pamoja. Sufuria yenye ukingo uliotokeza, ukiizungushia uzi chini ya ukingo na kupima kipenyo juu yake, itatoa pai iliyo chini ya 3.1.

Andikeni majibu yote ubaoni kwa safu: kitu, mzingo, kipenyo, mzingo gawanya kwa kipenyo. Msifute yaliyopotoka. Muulize darasa kwa nini vifuniko vya chupa vimetawanyika kutoka 3.0 hadi 3.3 na sufuria zimekusanyika. Milimita moja ya kosa ni kitu kikubwa kwa kifuniko cha sentimita 3, na karibu si kitu kwa sufuria. Hapo ndipo somo lilipo, kwa hiyo lipeni muda wa kutosha.

Zoezi la pili hushangaza zaidi kwa sababu halina duara. Mfaransa Buffon alilichapisha mwaka 1777. Pima urefu wa kijiti cha kuchokolea meno, kisha chora kwa chaki sakafuni mistari sambamba yenye nafasi sawa kabisa na urefu huo. Dondosha vijiti kutoka usawa wa kiuno, vichache vichache, bila kulenga. Hesabu vilivyogusa mstari. Zidisha idadi ya vijiti vyote kwa 2, gawanya kwa vilivyogusa: unapata pai. Katika 200, tarajia kama 127 viguse, ambayo ni 3.15.

Tarajia, lakini usilazimishe. Kwa vijiti 200 ni kawaida kabisa kupata 3.0 au 3.3, darasa zima likijumlisha vijiti 2,000 jibu huwa kati ya 3.1 na 3.2 mara nyingi. Kinachoharibu ni vijiti vilivyovunjika, mistari iliyochorwa bila kupimwa, na mwanafunzi anayeamua "kimegusa" kwa sababu anataka jibu zuri. Teua mwamuzi mmoja kwa kila kundi. Njiti za kiberiti zinafaa ikiwa ni za urefu mmoja na vichwa vimekatwa.

Malizieni kwa chapati, kuonyesha eneo la duara linatoka wapi. Iacheni ipoe, kwa kuwa ya moto hukunjamana chini ya kisu. Weka juu yake sahani ya kipenyo cha sentimita 21, kata kuizunguka, kisha gawanya chapati vipande 16 sawa kwa kukata nusu, robo na kuendelea. Vipange kimoja ncha juu, kingine ncha chini. Utapata umbo linalokaribia mstatili: kimo chake ni nusu kipenyo, sentimita 10.5, na upana ni nusu ya mzingo, sentimita 33. Zidisha: 346.5, sawa na pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Vipande 8 huacha mawimbi makubwa juu na chini. 32 humeguka nchani. Zoezi hili lije mwisho, vijiti na nyuzi vikiwa vimeshakusanywa, kwa sababu mikono yenye mafuta hufanya uzi uteleze na alama za kalamu zisishike.